Upepo wa Mguu

Mtoto wa mdogo wangu amerudi Usangi baada ya miaka mingi ya Dar es Salaam, na anataka kuufufua uhunzi wa ukoo wetu. Nyundo za babu bado zipo. Fuawe lipo palepale lilipozikwa, nusu likiwa ardhini. Wateja nao hawajaisha: kuna mundu za kutiwa makali upya, mashoka yaliyolika, majembe yanayohitaji kuongezewa chuma. Akanipigia simu. "Shikamoo, baba mkubwa. Nianze na feni ya umeme au ya mguu?"

Nilimwomba anipe siku chache. Kwa mtu anayetaka tu moto uwake, swali hilo ni dogo. Kwetu, swali la nani apulize moto lilikwishaamua mambo makubwa: nani aende shule, nani aurithi ufundi, mkaa kiasi gani ushuke kutoka mlimani. Nilitaka niyapitie yote hayo kabla sijamjibu kijana anayetia akiba yake yote kwenye kibanda cha mabati.

Kuna pia jambo la wakati huu. Mwaka 2024 serikali ilianza kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni uamuzi mwema, na anayeujua msitu wa Kindoroko ulivyokuwa na mito iliyotoka humo hatausemea vibaya. Lakini mkaa wa mhunzi haumo kwenye mazungumzo hayo, na bei yake inapanda pamoja na wa wengine. Mhunzi anayeanza leo lazima ahesabu kila debe la mkaa, na hesabu hiyo inaanzia kwenye upepo.

Mivukuto ya babu ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Mbuzi alichunwa mzima mzima bila kupasuliwa tumbo, na ngozi ikafikichwa kwa mafuta mpaka ikalegea. Upande wa shingo palifungwa kimrija cha mti. Upande wa nyuma uliachwa wazi, na midomo yake ikashonewa vijiti viwili bapa. Mvukutaji aliketi katikati, kila mkono na kiriba chake. Ukiinua unatanua vidole, vijiti vinaachana, hewa inaingia. Ukibana vidole na kushindilia chini, hewa haina pa kutokea ila kwenye mrija. Wa kulia ukipanda, wa kushoto unashuka, ili moto usikate. Vidole visipobana sawasawa, upepo unakurudia tumboni, na babu anajua papo hapo kwa kuwa rangi ya moto imeshuka.

Vile vimirija viwili havikushikana na mrija mkubwa wa udongo ulioingia motoni. Paliachwa pengo la upana wa vidole viwili hivi. Mgeni akiliona angedhani ni uzembe, maana ukiweka mkono hapo unausikia upepo ukitoroka. Babu alinieleza sababu yake mara moja tu, na sijaisahau: kiriba hakina mlango wa kuzuia hewa isirudi. Ukiliziba pengo, kila unapoinua mkono kiriba kitanyonya kutoka motoni, kitameza cheche, na ngozi itaungua kwa ndani. Likiachwa wazi kinanyonya hewa baridi ya nje. Unakubali kupoteza upepo kidogo ili usipoteze mvukuto. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa ufundi, niliwafundisha wanafunzi habari za vali kwa kuanzia na pengo lile.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito kuliko inavyosimuliwa. Mkaa ukiachiwa hewa inayojipitia unakipa chuma wekundu wa kuzimika tu. Springi ya gari, ambayo ndiyo ilikuwa chuma chetu bora, haikubali nyundo mpaka ifike rangi ya chungwa, nyuzi 950 hivi za Selsiasi. Ili ifike hapo lazima oksijeni ipelekwe kwa nguvu, na oksijeni ni kama sehemu moja ya tano tu ya hewa. Nne zilizobaki unazisukuma vilevile, zinapashwa moto na kuondoka zao. Mtoto wa miaka minane au tisa anaufanya mzigo huo kwa mabega. Jembe moja lilitaka moto mara nyingi, na kila mara babu alipogeuka kwenye fuawe ndipo mikono yangu ilipata nafasi ya kupumua.

Hata hivyo pale kwenye viriba ndipo uhunzi ulipofundishwa. Babu hakuwa mtu wa kueleza. Alisema "ongeza", akasema "punguza", akasema "acha", na wewe mwenye kutazama moto kwa jicho moja na mkono wake kwa jingine ukaanza kuona kwa nini. Ukaijua rangi ya chuma kilicho tayari na ya kile kilichopitiliza, kinachotoa cheche nyeupe kwa kuwa kinaungua chenyewe. Ukasikia nyundo ikibadilika sauti chuma kinapopoa. Wahunzi wote niliowajua wa umri wa babu walianzia pale. Aliyekuwa mvukutaji hodari alipewa nyundo ndogo, kisha koleo, kisha siku moja babu au baba akamwachia moto na kwenda kunywa maji.

Milima yetu ina sifa ya chuma tangu zamani. Wafua chuma wa Upare walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito baada ya mvua, wakauyeyusha kwa mkaa, na majembe yao yakauzwa hadi Uchagani. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyotawala Ugweno mpaka Wasuya walipowaondoa. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na magari yakafuata, vyuma chakavu vikawa vingi na hakuna aliyehangaika tena na mchanga. Kilichobaki ni kufua. Na katika kila hatua ya habari hiyo, ya watawala na ya majembe, alikuwako mtu ameketi nyuma ya viriba viwili, mara nyingi mtoto, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Namtaja kwa sababu nilikuwa yeye.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 ndilo lililofika mpaka kwenye kibanda chetu. Liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kuanza shule awe darasani. Mwaka huo mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba. Waliponikuta kwenye viriba, mwalimu alimwamkia babu, akaulizia mvua na mifugo, kisha akaeleza kilichomleta.

"Marahaba, mwalimu," babu alisema. "Nimekusikia. Lakini huyu ndiye pumzi ya kiwanda changu. Ukimchukua, majembe ya kijiji nitayafua na nani?"

Mwalimu hakumjibu kwa ubishi. Alikaa kimya, akauangalia moto, akasema, "Mzee, sina jibu. Lakini Jumatatu lazima aje."

Nilikwenda. Binamu zangu wawili waliokuwa wakipokezana nami walikwenda pia. Kwa majuma kadhaa babu alifua chuma jioni tu, tukisharudi, au alimwita mzee mwenzake amsaidie, wakichoka wote wawili kabla moto haujakolea. Watu wengi wa rika langu wanaikumbuka elimu kwa wote kwa madarasa yaliyojaa na madawati yasiyotosha. Mimi naikumbuka kwa kiwanda kilichonyamaza, na kwa alichokifanya baba mdogo kukipa pumzi nyingine.

Baba mdogo alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Alikuja likizo na ringi ya baiskeli isiyo na tairi, beringi mbili kutoka kwenye mashine iliyokufa, kipande cha bati nene la pipa na mpira wa ndani uliochoka. Akakata mapanga sita ya bati, akayapigia misumari kwenye kitako cha mti, akayafungia ndani ya sanduku la bati la duara lenye tundu la kuingizia hewa ubavuni na mdomo wa kutolea mbele. Kwenye mhimili wa feni hiyo akatia puli ndogo ya mninga. Akaipitisha kamba ya mpira, aliyoikata kwa kuuzungusha mpira wa ndani mpaka ukatoka utepe mmoja mrefu, kutoka kwenye mfereji wa ringi hadi kwenye puli. Ringi ina upana wa sentimita 60 hivi, puli sentimita nne. Ringi ikizunguka mara moja, feni inazunguka mara 15. Mguu ukienda taratibu, mara 80 kwa dakika, mapanga yanazunguka mara 1,200. Hapo upepo hautoki kwa mikupuo tena. Unatoka mfululizo, bila kushuka, na moto unabadilika tabia.

Sehemu iliyomshinda ilikuwa pedali. Alifunga ubao kwa bawaba kwenye ncha moja, akauunganisha na ringi kwa fimbo ya chuma. Ukikanyaga ubao unashuka, ringi inazunguka nusu, kisha fimbo inasimama wima na kila kitu kinagoma. Babu, ameshika koleo lenye chuma chekundu, alilazimika kuisukuma ringi kwa goti ili iendelee. Walihangaika na hilo kutwa nzima.

Aliyelitatua ni shangazi. Alikuwa na cherehani ya miguu barazani, akishona sare za shule, na mwaka ule alikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote. Desturi ya wazee ilimkataza mwanamke kuingia penye moto wa kufulia, kwa hiyo alisimama nje ya uzio, akatazama kidogo, akasema, "Kaka, umefunga bawaba pasipo pake. Ifunge katikati ya ubao. Vidole vinasukuma, halafu kisigino kinasukuma. Usikanyage, yumbisha." Akaongeza kwamba gurudumu la cherehani ni zito kwa makusudi, linajibeba lenyewe pale mguu unaposhindwa. Baba mdogo akahamishia bawaba katikati, akafunga vipande vya nondo kwenye spoki karibu na ukingo, akivilinganisha pande zote ili ringi isiyumbe. Jioni hiyo babu aliketi kwenye kigoda chake, mguu mmoja ukiyumba, mikono yote miwili ikiwa huru, na akaivisha chuma bila mtu mwingine kuwapo kibandani. Shangazi ndiye aliyekuwa na ujuzi uliokosekana, na desturi ilimweka nje ya uzio. Nimelifikiria jambo hilo kila mara ninaposikia watu wakisema uhunzi ni kazi ya wanaume.

Kuna faida moja ya feni ile ambayo hakuna aliyeipanga. Babu alipogeuka kwenye fuawe, mguu uliondoka kwenye ubao na upepo ukafa. Mkaa ukatulia kusubiri. Hakuna kilichoungua bure wakati nyundo inafanya kazi. Aliporudisha chuma, mguu ukarudi, na kwa muda mfupi moto ukawa umepanda. Tena aliweza kuupima upepo kwa mguu wake mwenyewe, laini kwa ncha ya kisu, mkali kwa shoka. Hapo nyuma alilazimika kumwambia mtu mwingine na kungoja asikie. Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa akiulipia mkaa, aliiona tofauti kabla ya sisi wote.

Kisha vikaja vita vya Kagera, 1978 na 1979, na baada yake miaka ya uhaba. Madukani hakukuwa na sukari, sabuni wala nguo, na jembe jipya lilitafutwa kwa kujuana. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo hakikuweza kuitosheleza nchi nzima. Wahunzi wa vijijini ndio waliozifanya mvua za miaka ile zisipite bure, na wa kwetu alizifanyia kazi peke yake, kwa mguu. Watu walileta springi, visahani vya plau vilivyopasuka, hata vipande vya reli ambavyo hatukuuliza vimetoka wapi. Walingoja wamekaa kwenye magogo, wakaondoka na jembe likiwa bado na joto.

Lakini lile gogo la mvukutaji lilibaki tupu. Hili ndilo linalonipa shida ninapotaka kumjibu kijana wangu kwa neno moja. Feni ya mguu ilinifungulia shule, na shule ikanipeleka mpaka ualimu. Siwezi kuishukuru vya kutosha. Feni hiyohiyo iliondoa nafasi ambayo mtoto alikaa akajifunza bila kujua kwamba anajifunza. Tuliporudi jioni moto ulikuwa umeshazimwa. Babu alipofariki, baba mdogo alijua kufua vizuri, lakini namna ya kukausha makali ya tezo ili yasivunjike wala yasipinde, kwa kuangalia rangi ya manjano inavyotambaa kutoka mgongoni kuelekea makali, aliijua nusu. Nusu nyingine ilikwenda na mzee. Hakuna aliyekuwa ameketi pembeni siku zile babu alipoifanya.

Chuoni, nikisomea ualimu wa ufundi, nilikutana na picha katika kitabu cha historia ya metali. Ilitoka kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, huko Thebes ya Misri, na ina zaidi ya miaka 3,400. Watu wamesimama juu ya mivukuto, mguu mmoja kila mfuko, na mikononi wameshika kamba. Uzito wa mwili unashuka upande mmoja, kamba inainua mfuko wa upande wa pili ujae hewa. Wanayeyusha shaba nyeusi ya milango ya hekalu la Amun. Nilikaa na picha ile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeamini kwamba mguu ulikuwa ubunifu wa baba mdogo na ringi yake, kumbe hapa hapa Afrika watu walishajua zamani kwamba paja lina nguvu kuliko bega.

Nikaanza kutafuta wengine. Verrier Elwin, aliyeandika mwaka 1942 juu ya Waagaria wa India ya kati, anaeleza mivukuto ya pipa la mti lililofunikwa ngozi yenye tundu katikati. Kisigino ndicho vali: kikishuka kinaziba tundu na kusukuma hewa, kikiinuka tundu linafunguka, na mwanzi uliopindwa unaivuta ngozi juu kwa kamba. Sijawahi kusoma suluhisho zuri kuliko hilo, maana halina pengo, halina bawaba, halina chochote cha kununua. Japani nako walikuwa na matanuri yaitwayo tatara, yaliyotumia mchanga wa chuma kama wa vijito vyetu. Zamani upepo wake ulikanyagwa kwa miguu, watu wakipokezana zamu usiku na mchana. Moja lilirejeshwa mwaka 1977 huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, kwa ajili ya chuma cha panga za jadi. Ni mwaka uleule sisi tulipoondolewa kwenye viriba. Katika filamu ya Hayao Miyazaki ya 1997 kuhusu Binti Mononoke, wanaokanyaga mvukuto mkubwa ni wanawake, wanaimba na kupigana vijembe. Katika masimulizi ya wafua chuma wa huko, mungu wao Kanayago hakupenda wanawake karibu na tanuri. Msanii aliwaingiza kwa makusudi, na nilipoitazama nilimwona shangazi.

Wafipa wa Sumbawanga walikwenda njia nyingine kabisa. Matanuri yao ya kuyeyushia, marefu mita tatu hivi, yalijivutia hewa yenyewe kupitia mirija chini, bila mtu wa kuvukuta. Mivukuto ilikuja kwenye tanuri dogo la pili, la kusafishia chuma. Maana yake swali lilikuwa lilelile kila mahali, jasho la nani litaupa moto hewa, na kila jamii ilijibu kulingana na watu iliokuwa nao.

Majibu ya kutoka nje ya jamii sikuyaona yakidumu. Miaka ya tisini, majembe ya kigeni yalipojaa sokoni kwa bei ambayo mhunzi hawezi kuifikia, mradi mmoja ulikuja wilayani kuwainua mafundi vyuma. Ulileta vipulizio vya chuma cha kumimina, vya mkono, vyenye meno ndani yake. Vilipendeza. Vilisukuma upepo mwingi, na vilihitaji mtu wa pili wa kuzungusha, jambo ambalo wahunzi wawili walilisema kikaoni bila kupata jibu. Meno ya kimoja yalipovunjika, kipuri hakikupatikana nchini. Nilikiona baadaye kwa fundi mmoja kikizuia mlango usifungwe na upepo, na pembeni yake feni ya ringi ya baiskeli inaendelea na kazi. Kamba yake ya mpira hukatika mara kwa mara. Hubadilishwa kwa muda ambao chuma hakijapoa.

Safari moja nikiwa Nairobi nilipita soko la Gikomba kununua patasi. Sifa ya mafundi wa jua kali ilikuwa imeshavuka mpaka, hasa tangu Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji mwaka 1985. Nilikuta ringi za baiskeli mbele ya kila moto, zikizungushwa kwa mkono na vijana wa kiume walioketi kwenye madumu. Nilimuuliza mmoja kama hajachoka. Akasema, "Mzee, mimi bado niko hapa kwa upepo, lakini mwaka ujao nitakuwa kwa nyundo." Alikuwa na tumaini ambalo binamu zangu hawakupata nafasi ya kuwa nalo. Alikuwa pia na umri wa kuwa darasani, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi.

Kuhusu umeme, sina chuki nao. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika karibu na kibanda cha babu, na feni ya umeme inaondoa kazi ya kuchosha. Nilichokiona kwa fundi wa mjini Moshi ni kwamba ikishawashwa haizimwi. Anapiga nyundo, feni inavuma, mkaa unaisha bila chuma chochote ndani yake. Upepo unaozidi unakifunika chuma kwa magamba, na kipande kilichosahaulika kidogo kinatoka kimelika. Hilo linaweza kurekebishwa kwa kilango cha bati kwenye bomba, kinachovutwa kwa mguu, au kwa swichi ya kukanyaga. Mgao ukija, hata hivyo, swichi haisaidii. Miguu ya mtu mzima mwenye afya inaweza kutoa wati 75 hivi kwa saa kadhaa, na tanuri dogo la kufulia majembe linahitaji pungufu ya hapo. Nguvu ipo tayari, imekaa kwenye kigoda.

Nimempigia kijana na kumwambia hivi. Aanze na ya mguu, bawaba katikati ya ubao, ringi ya baiskeli kubwa, uzito kwenye spoki. Mhimili wa feni aurefushe upande mmoja ili siku akitaka mota aifunge palepale bila kuvunja chochote. Bomba aliwekee kilango tangu mwanzo. Kisha ajenge ubao mpana, na upande wa pili wa moto aweke kiti kingine chenye pedali yake, kinachoweza kuunganishwa na ringi ileile, kwa ajili ya mtu anayejifunza. Kiti hicho kiwe wazi siku za Jumamosi na likizo tu, kwa mtoto yeyote wa ukoo au wa jirani aliyetoka shule, wa kiume kwa wa kike. Na anayeketi hapo aelezwe kwa maneno yale ambayo babu aliyaacha kwenye macho: rangi hii ni ya nini, kwa nini tunapunguza sasa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba mkubwa, wazee watasema nini dada akiingia kibandani?" aliuliza. Dada yake amesomea uchomeleaji chuo cha ufundi cha VETA, na ndiye ninayetaka aliunde lile sanduku la feni, kwa kuwa mshono wake ni safi kuliko wa mtu yeyote ninayemjua wilayani. Nilimwambia nitapanda mwenyewe kuzungumza nao, nikianza na mtoto mkubwa wa shangazi, ambaye bado anaitunza ile cherehani. Beringi nimeshazinunua, amezifuata jana stendi ya Mwanga.